Miwani ya namba kubwa na usukani wa mbio: nibadilishe kipi?

Mwalimu wa Chumbageni

Ndugu wapenda baiskeli, naomba mnisaidie kuamua. Ninaishi Chumbageni, Tanga, na shule ninayofundisha iko upande wa Pongwe, kwa hiyo kila siku ya kazi ninatumia barabara ya kuelekea Segera pamoja na mabasi na malori ya saruji. Kwa miaka mingi niliendesha Phoenix yenye usukani uliorudi nyuma, na sikuwa na lawama nayo isipokuwa uzito wake, na ile taabu ya jioni ninaporudi mjini huku upepo wa baharini ukinipiga kifuani. Ndiyo maana nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba: fremu ni ya chuma, breki ni zile zinazobana rimu, vijiti vya gia vimefungwa kwenye bomba la chini la fremu, na usukani ni ule unaotoka kwenda mbele kisha ukakunjwa kwenda chini.

Shida yangu ni macho. Sioni mbali, lenzi yangu ya kulia ni −6.00 na ya kushoto ni −3.50. Nikishika usukani sehemu ya juu, karibu na katikati, mambo ni mazuri. Nikiinama na kushika sehemu ya chini, ukingo wa juu wa fremu ya miwani unakaa sawasawa mbele ya barabara. Juu ya ukingo huo naona ukungu mtupu, na chini yake naona gurudumu langu la mbele. Nikilazimisha macho yatazame kupitia sehemu ya juu ya lenzi, ninaona, lakini kila taa ya nyuma ya lori inakuwa mbili, moja juu ya nyingine, na baada ya muda kichwa huanza kuuma. Nikiinua shingo badala ya macho, taa inarudi kuwa moja, ila shingo yenyewe inakakamaa kabla sijafika nyumbani.

Muuza miwani aliniambia nibadilishe usukani, na fundi wa baiskeli akaniambia nibadilishe miwani. Je, ni kweli kwamba mtu wa miwani anafaa kutumia usukani ulionyooka tu, au kuna njia ya kubaki na huu wa mbio bila kuumia? Niongeze kwamba nimefikia umri wa kusogeza daftari mbali ndipo nilisome, na nimeshauriwa nichukue lenzi za progresivu, zile zenye namba ya kuona mbali na ya kusomea katika lenzi moja. Sijui kama hizo zitalipunguza tatizo au zitalikuza.

Fundi wa Ilala

Mwalimu, usinunue usukani mwingine kwanza. Kinachoamua pembe ya kichwa chako ni mahali mikono inapokaa ikilinganishwa na siti: iko chini kiasi gani, na iko mbele kiasi gani. Aina ya usukani huja baada ya hapo. Usukani ulionyooka uliofungwa chini kwenye shingo ndefu (yaani kile chuma kinachoushika usukani na kuuunganisha na fremu) unaweza kukuinamisha kuliko usukani wa mbio uliofungwa juu kwenye shingo fupi, na nimewaona watu wakilipa gharama ya kubadilisha kila kitu kisha wakabaki wameinama vilevile.

Kwa maelezo yako, baiskeli hiyo huenda ina shingo ya kizamani, ile inayozama ndani ya bomba la uma na kubanwa na bolti moja ndefu kutoka juu. Kama ndivyo, una bahati, kwa sababu inapanda na kushuka. Legeza bolti mizunguko michache tu, weka kipande cha ubao juu yake na ukigonge ili kabari ya ndani iachie, kisha inua shingo hadi unapotaka. Shingo hiyo ina mstari uliochorwa kuonyesha mwisho wa kuinua. Mstari huo lazima ubaki ndani ya bomba, maana shingo iliyoinuliwa kupita hapo inaweza kuvunjika au kuchomoka, na usukani ukabaki mikononi mwako katikati ya barabara. Hata sentimita 3 zikipatikana, utaziona kwenye shingo yako mwenyewe na kwenye macho. Ikiwa bado unajinyoosha sana, tafuta shingo fupi zaidi, kwa mfano ya sentimita 8 mahali pa ile ya 11. Kabla hujainunua pima kipenyo cha usukani pale katikati unapobanwa: za zamani huwa ama milimita 25.4 ama 26.0, na tofauti hiyo ya 0.6 huwezi kuigundua kwa kutazama, lakini usukani mwembamba ndani ya shingo pana utajizungusha siku utakayoulalia kwa nguvu.

Jambo jingine ni kina cha mkunjo. Usukani mwingi wa zamani hushuka sentimita 14 au 15 kutoka juu hadi chini, ilhali ule wa kisasa unaoitwa kompakti hushuka kama 12 hadi 13 na hauendi mbele sana. Ukipata kompakti ya kipenyo cha 26.0 itakufaa, nyingi zinazouzwa sasa ni za 31.8, ambazo haziingii kwenye shingo ya kizamani.

Ukiamua kunyoosha, ujue unachonunua. Bomba la usukani wa mbio pale pa kushika lina milimita 23.8 na la usukani ulionyooka lina 22.2, kwa hiyo vishikio vya breki ulivyo navyo havihamishiki. Gia zako ziko kwenye fremu, hizo hazina taabu. Taabu iko kwenye breki: vishikio vingi vinavyouzwa kwa usukani ulionyooka vimetengenezwa kwa ajili ya breki za V, ambazo zinahitaji waya uvutwe kwa urefu zaidi. Ukivifunga kwenye breki zako za mbio, utabana kwa nguvu zako zote na baiskeli itaendelea kwenda. Dai vishikio vya mvuto mfupi, na kama muuzaji haelewi unachosema, nenda duka jingine.

La mwisho nalisema kwa mkazo. Umesema ukishika sehemu ya juu mambo ni mazuri. Ni mazuri kwa macho tu, kwa sababu hapo vidole vyako viko mbali na breki. Kwenye barabara yenye malori mtu hakai hapo kwa mazoea. Kuna vishikio vidogo vya ziada vinavyofungwa karibu na katikati ya usukani na kuungwa kwenye waya uleule, ili uweze kubana breki ukiwa umekaa wima. Kwa mtu wa miwani mwenye usukani wa mbio, hivyo ndivyo ningeviweka mbele ya mapambo mengine yote.

Mpima Macho, Moshi

Mwalimu, maelezo yako kuhusu taa za lori yamenirahisishia kazi. Lenzi ya mtu asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni, na ukitazama nje ya kitovu chake inafanya kazi ya prizimu: inaihamisha picha. Kiasi cha kuhama hupatikana kwa kuzidisha umbali kutoka kwenye kitovu, kwa sentimita, na namba ya lenzi. Tuchukulie kwamba ukiinama unatazama kupitia mahali palipo sentimita 1.2 juu ya kitovu. Jicho la kulia linapata prizimu 7.2, na la kushoto 4.2. Prizimu moja huhamisha picha sentimita moja kwa kila mita ya umbali, kwa hiyo lori lililo mita 10 mbele yako linaonekana na jicho la kulia likiwa limeshuka sentimita 72, na jicho la kushoto linaliona likiwa limeshuka sentimita 42. Macho yana uwezo mzuri wa kusawazisha picha zilizoachana kwa upana, lakini zilizoachana kwa kimo yanazimudu kidogo sana. Pengo la prizimu 3 linatosha kukupa taa mbili, au kuufanya ubongo ung'ang'anie kuziunganisha hadi kichwa kiume.

Hapo utaona kwamba mtu mwenye −6.00 macho yote mawili asingeona taa mbili, kwa sababu picha zote zingeshuka pamoja. Kinachokusumbua wewe ni tofauti ya 2.50 kati ya jicho na jicho. Ukipunguza ule umbali kutoka 1.2 hadi 0.4, pengo linashuka hadi prizimu 1, ambayo watu wengi huihimili. Sentimita hizo hazihitaji kutoka kwenye baiskeli peke yake. Fundi akikupa nusu kwa kuinua mikono yako, nusu nyingine itafutwe kwenye miwani.

Fremu za mitindo ya sasa nyingi ni fupi kwa kimo. Tafuta yenye lenzi ya kimo cha milimita 38 au zaidi, ili ukingo wa juu uondoke mbele ya barabara. Chagua fremu ya chuma yenye vikalio viwili vya puani vinavyoweza kupindwa, kwa sababu vikisogezwa karibukaribu miwani yote inapanda usoni, jambo ambalo fremu ya plastiki yenye daraja moja gumu haliruhusu. Jihadhari na fremu za nusu ukingo, zile ambazo lenzi hushikwa na uzi: kwa kawaida uzi huwa chini na ukingo mnene huwa juu, yaani kinyume kabisa cha anachohitaji mwendesha baiskeli. Kisha mwombe anayekutengenezea apandishe kitovu cha lenzi milimita 4 hivi kuliko kawaida. Ni ombi halali, na maabara yenye kujua kazi haitalishangaa.

Kuhusu progresivu, jibu linaweza kukushangaza. Namba ya kuona mbali iko sehemu ya juu ya lenzi na ya kusomea iko chini. Anayeinama anatazama kupitia juu, hivyo eneo la kusomea halimsumbui. Anayeumia zaidi ni yule aliyekaa wima, ambaye akishusha macho kutazama shimo lililo karibu na gurudumu anakuta amelitazama kupitia namba ya kusomea, na shimo linakuwa ukungu. Kwa hiyo usichague usukani kwa sababu ya progresivu. Ukiwa na uwezo, baki na lenzi za namba moja kwa ajili ya baiskeli, na progresivu uziache kwa darasani na nyumbani.

Upande wa malighafi, lenzi za kioo usizipande nazo baiskeli kabisa. Polikaboneti ndiyo inayostahimili kokoto inayorushwa na tairi la lori, lakini ina kasoro moja: inatawanya rangi. Kipimo chake cha Abbe ni kama 30, wakati plastiki ya kawaida ya CR-39 ina 58, na kipimo kikiwa kidogo ndivyo rangi zinavyotawanyika zaidi. Kwa namba yako, ukitazama kupitia pembeni utaona utepe mwembamba wa rangi kuzunguka vitu vyenye mwanga. Mimi ningeuvumilia utepe huo kuliko kuvumilia lenzi iliyopasuka jichoni. Ukibahatika kupata Trivex, yenyewe iko kati ya hizo mbili kwa rangi na ni imara pia.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu mwalimu, mimi ni mtu wa Unguja na miwani yangu ina umri mkubwa kuliko wengi mnaoandika hapa. Haya mahesabu ya prizimu ni mazuri, lakini mnamzungusha mtu. Alikuwa na Phoenix, alikuwa ameketi wima, kichwa chake kilikuwa sawa na miwani yake ilikuwa sawa. Arudishe usukani uliorudi nyuma kwenye hiyo baiskeli yake nyepesi na maneno yaishe.

Kuna mawili ambayo hamjayataja. La kwanza ni jasho. Katika joto letu la pwani aliyeinama jasho lake la paji la uso linadondokea ndani ya lenzi, na kulifuta huku unaendesha ni kuligeuza matope. Aliyekaa wima jasho linampitia kando ya macho. La pili ni kugeuka. Sisi tunapita kushoto, kwa hiyo gari linalotupita linatoka nyuma upande wa kulia. Aliyeinama akigeuza kichwa anaona bega lake na mkono wa miwani yake, na mwenye −6.00 nje ya lenzi haoni kitu cha maana. Usukani wa mbio ni wa watu wa mbio, na watu wa mbio hawavai miwani.

Mpanda Baiskeli, Nairobi

Shikamoo mzee. Hayo mawili ya kwanza nayakubali, na la kugeuka ni zito kuliko yote yaliyosemwa hapa. Lakini la mwisho naomba nilipinge kwa heshima. Mholanzi Jan Janssen alishinda Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mwaka 1968 akiwa na miwani usoni. Mfaransa Laurent Fignon, ambaye kwa ajili ya miwani yake aliitwa Profesa, alishinda mwaka 1983 na 1984. Alex Zülle wa Uswisi, naye mtu wa miwani, alishinda mbio za Vuelta za Hispania mwaka 1996 na 1997. Wote waliinama juu ya usukani wa mbio.

Fignon huyohuyo anafaa kwa swali la mwalimu kwa namna nyingine. Mwaka 1989 aliingia siku ya mwisho ya Tour, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris ambazo kila mtu alizipanda peke yake akishindana na saa, akimtangulia Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. LeMond alifunga vipande vya ziada kwenye usukani vilivyomwezesha kulaza viwiko na kujifanya mwembamba mbele ya upepo. Fignon hakuwa navyo. LeMond alikwenda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 54 kwa saa, na Fignon akaipoteza Tour nzima kwa sekunde 8. Sababu za kushindwa kwake zinabishaniwa hadi leo, lakini baada ya hapo hakuna mwanamichezo wa mbio hizo za kushindana na saa aliyedharau umbo la usukani.

Mtu atasema mwalimu haendi kasi hiyo, na ni kweli kwamba barabarani anakwenda labda kilomita 20 kwa saa. Ila ukinzani wa hewa unafuata kasi ya upepo unaomkuta, si kasi ya gurudumu. Akienda 20 dhidi ya upepo wa 20, hewa inamkuta kwa 40, na ukinzani wake ni mara nne ya siku isiyo na upepo. Ndiyo maana Phoenix ilimchosha jioni na haikumchosha asubuhi. Kwa safari kama hiyo sehemu ya chini ya usukani ina kazi ya kweli, sharti tu iwe mahali anapoweza kuikalia akiona. Mimi ningeiinua shingo, bila kupita ule mstari aliousema fundi, ili ile sehemu ya chini ikaribie pale ambapo vishikio vya breki viko sasa. Atapoteza upepo kidogo, lakini atapata mshiko anaoweza kuutumia kwa nusu saa badala ya dakika mbili.

Kwa hoja ya mzee ya kugeuka, kioo kidogo kinachochomekwa kwenye ncha ya kulia ya usukani husaidia, ingawa hakiondoi haja ya kugeuza kichwa. Kwa jasho, vaa kitambaa au kofia nyembamba chini ya helmeti. Helmeti yenyewe isiwe na ukingo wa mbele, kwa sababu ukiinama ukingo huo unafunika hata ile nafasi ndogo ambayo miwani imekuachia. Mikono ya miwani ipite juu ya mikanda ya helmeti, isibanwe chini yake, ili uweze kuivua bila kufungua kidevu.

Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu, na wengine wote asanteni. Nimepima. Lenzi zangu zina kimo cha milimita 27 tu, na fremu ni ile ya uzi chini na ukingo juu aliyoionya mpima macho. Shingo ya usukani ni ya kizamani kweli na imezamishwa hadi mwisho, kwa hiyo ina nafasi ya kupanda. Mzee, sikatai ushauri wako. Usukani wa Phoenix ninao na nitautunza. Ila upepo wa jioni ndio ulionifanya ninunue baiskeli hii, ningependa kwanza nijaribu njia ya kuinua.

Nimebakiwa na maswali mawili. Fundi, shingo ikipanda, waya za breki zitatosha? Na mpima macho, ukipandisha kitovu cha lenzi, je, miwani hiyohiyo nitaweza kufundishia na kusahihisha madaftari, au lazima niwe na jozi mbili?

Fundi wa Ilala

Shingo ikipanda sentimita 3 au 4, waya wa breki ya mbele mara nyingi ndio unaokaza kwanza. Ukimaliza kufunga, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku ukitazama breki: zikijibana zenyewe, ganda la waya ni fupi na linahitaji kubadilishwa pamoja na waya wake. Ni kazi ndogo na vifaa vyake vinapatikana kila mahali. Paka grisi shingo kabla ya kuirudisha, hasa sisi wa pwani, la sivyo chumvi itaigandisha humo ndani.

Mpima Macho, Moshi

Jozi mbili, mwalimu. Kitovu kikipanda milimita 4, ukitazama ubao mbele yako utapata pengo la prizimu 1, na hilo utalizoea. Lakini ukishusha macho kusahihisha daftari utakuwa mbali na kitovu zaidi ya unavyokuwa sasa, na pengo litafika prizimu 4. Mistari ya wanafunzi wako itapanda na kushuka, na utaanza kuwapa alama za huruma.

Anza na baiskeli, kisha miwani, kwa sababu kipimo cha miwani kinategemea mahali kichwa kitakapokaa baada ya fundi kumaliza. Shingo ikishainuliwa, egemeza baiskeli ukutani, ikalie, shika sehemu ya chini na utazame mbali kana kwamba uko barabarani. Mtu mwingine asimame mbele yako na aweke nukta kwenye kila lenzi, kwa kalamu ya wino wa kufutika, mahali mboni ilipo. Fanya hivyo ukiwa umevaa fremu mpya uliyoichagua, pamoja na zile lenzi zake za maonyesho, kisha uipeleke kwa mtengenezaji ikiwa na nukta zake. Asizifute kabla ya kuzipima.